Wabunifu wa Ridhaa na Vazi la Gari la Mbio: Utangulizi

Fani hii haina chuo wala cheti. Wenyewe ni mafundi umeme, wanafunzi, wauguzi na madereva wa malori ambao jioni, kazi zikiisha, hukaa mbele ya kompyuta na kubuni magari ya mbio. Wachache huchora gari zima ambalo halijawahi kuundwa. Walio wengi huchukua gari lililopo na kulivika vazi jipya, yaani rangi, mistari, namba na majina ya wadhamini. Hawalipwi. Hata hivyo, baadhi ya kazi zao zimefikia ubora ambao timu zenye fedha nyingi zingejivunia, na ndiyo sababu naamini zinastahili kusomwa kwa uzito uleule tunaoupa usanifu wa mabango au wa kanga.

Mgeni aanze na historia ya rangi, maana wabunifu hawa huirejea kila mara. Katika miongo ya mwanzo ya mchezo wa mbio za magari, rangi ilitaja nchi: Waingereza kijani, Wafaransa buluu, Waitalia nyekundu, Wabelgiji njano, Wajerumani nyeupe na baadaye fedha. Mwaka 1968 mambo yaligeuka. Matangazo ya wadhamini yaliruhusiwa katika mashindano makubwa, na Colin Chapman wa Lotus akaiacha kijani ya nchi yake, akayapaka magari yake nyekundu, nyeupe na dhahabu ya sigara za Gold Leaf. Chapman huyohuyo alikuwa ameanza mwaka 1948 akiwa kijana wa ridhaa, akitengeneza gari lake la kwanza kutokana na Austin 7 kuukuu. Ukuta kati ya ridhaa na taaluma, katika mchezo huu, haujawahi kuwa mrefu.

Wasanii wa majumba ya makumbusho nao walipita hapa. Mwaka 1975 Hervé Poulain, dalali wa minada ya sanaa aliyekuwa pia dereva, alimwomba Alexander Calder alipambe BMW aliloliendesha kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Mwaka 1979 Andy Warhol alipaka BMW M1 kwa mkono wake, bila kutimiza nusu saa, na gari hilo likamaliza la 6. Lakini mwanafunzi akiniuliza aanzie wapi, namwelekeza kwa Esther Mahlangu, mchoraji wa Kindebele kutoka Afrika Kusini, ambaye mwaka 1991 aliihamishia BMW 525i michoro ya kuta za nyumba za kwao. Gari lile halikuwa la mbio. Tazama tu jinsi mistari yake myeusi inavyozingira kila rangi na kuzitenganisha, hata jicho likajua pa kuanzia na pa kuishia. Somo hilo la mipaka ndilo linalowapiga chenga wabunifu wengi wanaoanza.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wetu. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller ilikuwa nyekundu, na boneti yake nyeusi isiyong'aa. Weusi ule haukuwa pambo. Ulikuwapo ili mwanga wa jua usiakisike machoni mwa dereva. Vijana wengi wanaoinakili leo huiacha boneti ing'ae, na hapo mtazamaji hujua mara moja kwamba wameiga sura bila kuuliza sababu.

Sasa tuingie kazini. Mbunifu hupewa kiolezo: mwili wa gari uliokunjuliwa ukawa karatasi bapa, mlango huku, boneti kule, bampa kwenye kona. Mstari ulionyooka kwenye karatasi hupinda ukipanda juu ya tairi. Mstari unaotoka mlangoni kwenda ubavu wa nyuma huvunjika pale vipande viwili vinapokutana, na fundi hutumia usiku mzima kuusogeza nukta kwa nukta mpaka uungane. Akinakili upande wa kushoto na kuugeuza uwe wa kulia, maandishi husomeka kinyumenyume, kwa hiyo majina ya wadhamini hupangwa upya upande wa pili. Kisha kuna namba. Mtazamaji lazima aisome gari likipita kwa kasi, na kanuni za mbio humpangia mbunifu mahali pa kuiweka. Mbunifu mzuri huiweka namba kwanza, ndipo avute mistari. Anayeanza kwa mistari huishia kubandika namba juu ya kazi yake kama kiraka.

Michezo ya kompyuta imeongeza masharti yake. Katika Forza, iliyoanza mwaka 2005, mchoraji haingizi picha kutoka nje. Nembo, uso wa mtu au chui anayeruka hujengwa kwa duara, pembetatu na maumbo mengine yaliyo tayari, tabaka juu ya tabaka, mpaka yafike mamia. Gran Turismo Sport ya mwaka 2017 iliruhusu kuingiza mchoro wa nje, mradi faili lake lisizidi kilobaiti 15. Kwa sharti hilo dogo wabunifu walijifunza kupunguza nukta za kila mchirizi hadi zibaki zile zisizoondoleka. Mtunzi wa kanga hufanya kazi ndani ya pindo, mji na jina, na ndani ya hivyo vitatu ametupa maelfu ya vitambaa visivyofanana. Nami nimeshawishika kwamba katika fani hii pia masharti ndiyo mwalimu. Michoro ya magari yasiyofungwa na kanuni yoyote, yenye mabawa kila upande, mara nyingi huchosha baada ya kutazamwa mara moja.

Kuhusu kuiga, nina msimamo. Buluu nyepesi na chungwa ya kampuni ya mafuta ya Gulf, iliyoshinda Le Mans mwaka 1968 na 1969 kwa Ford GT40 ileile, inapendeza karibu juu ya kila gari, na kwa sababu hiyo haimpimi mbunifu. Afadhali ujasiri wa Porsche 917/20 ya mwaka 1971: gari la waridi lililochorwa vipande vya nyama ya nguruwe vyenye majina yake, kama kwenye chati ya bucha. Halikumaliza mbio za Le Mans mwaka ule. Mwaka 2018 vazi lake lilirudi Le Mans juu ya Porsche 911 RSR, na safari hiyo likashinda katika daraja lake.

Liko jambo moja linalonitia wasiwasi. Sehemu kubwa ya kazi hizi huishi ndani ya michezo yenyewe. Tarehe 31 Januari 2024 huduma za mtandaoni za Gran Turismo Sport zilizimwa, na njia ya kubadilishana mavazi katika mchezo ule ikafungwa. Kwa hiyo, msomaji, ukianza kubuni, hifadhi mchoro wako wa asili nje ya mchezo, uandike tarehe, jina la gari na sababu ya kila rangi uliyoichagua. Watafiti watakaokuja watahitaji kumbukumbu hizo.