Mbwa wa Kienyeji au wa Kijerumani?

Tangu nilipozungumzia wizi wa mifugo na ndizi mashambani, barua zimekuwa zikinijia, na nyingi zinauliza jambo moja. Mtu ana shamba lake Mwera, au amejenga Fuoni, na sasa anataka mbwa. Amchukue yule wetu wa kienyeji, mwekundu, mwenye mkia wa kupinda, au ajikaze kisabuni anunue wa Kijerumani kama wale aliowaona kwa polisi? Msikilizaji mmoja ameongeza kwamba mkwewe amemwambia asijisumbue kuchagua, kwani wote wawili ni haramu. Nianze na hilo la mkwe.

Wengi wetu visiwani hapa ni wafuasi wa Imam Shafi. Katika madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja wapo kwa udongo. Lakini mashekhe hao hao wanaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na Sura ya Al-Maida inahalalisha nyama iliyokamatwa na mnyama wa kuwinda aliyefunzwa. Kwa hivyo jiulize kwanza mbwa wako atafanya kazi gani. Wewe unayekaa Malindi au Shangani, ghorofa ya pili, ngazi moja na majirani wanaoshuka na udhu wao kwenda kusali, sioni mbwa atakulindia nini hapo. Fuga paka, panya wa Mji Mkongwe wanamtosha.

Tuje kwa mwenye shamba. Mbwa wa Kijerumani, ambaye wengine humwita Alsesheni, hakuumbwa kwa ajili ya polisi. Alikuwa mbwa wa wachunga kondoo. Afisa mmoja wa jeshi, Max von Stephanitz, alianzisha chama cha mbwa hao mwaka 1899, na kondoo walipopungua akawatafutia kazi polisi na jeshini. Jina la Alsesheni walilibuni Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu hakuna aliyetaka kumwita mbwa wake Mjerumani! Kwa vipimo vya wenyewe yeye ni mbwa wa wastani: dume huwa na kilo 30 hadi 40, jike 22 hadi 32. Ana akili, anashika amri upesi, na anampenda bwana wake.

Sasa hesabu. Mbwa wa kilo 35 hashibi kwa makombo ya ugali na vichwa vya dagaa. Ana manyoya ya tabaka mbili, yaliyokusudiwa baridi ya Ulaya, na mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Mfikirie mchana wa Februari, kaskazi, amefungwa mnyororo chini ya bati. Nyonga zake nazo zina ugonjwa wa kurithi, kiungo hakikai sawasawa, na baada ya miaka michache mbwa hushindwa kuinuka. Anayeuza watoto wa mbwa, mwambie akuonyeshe baba na mama wakitembea. Akikwepa, rudi na fedha zako.

La kupe ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kupe wa kahawia, ambaye huku kwetu hana msimu wa kupumzika, huleta maradhi ya damu. Mbwa huacha kula, fizi zinapauka, mara nyingine hutoka damu puani. Maradhi hayo huwapata mbwa wa kila aina, lakini madaktari wa mifugo wanajua kuwa Mjerumani huyu huumia vibaya kuliko wengi. Rafiki yangu mmoja wa Bububu alimzika wa kwake kabla hajafikisha miaka miwili. Alimnunulia bati, mnyororo na bakuli la chuma. Dawa ya kupe hakununua.

Wa kienyeji mnamdharau bure. Mbwa wa namna yake kutoka misitu ya Kongo, wafupi wa manyoya na wenye mkia wa kujikunja, walionyeshwa London mwaka 1937 na bibi mmoja wa Kiingereza, Olivia Burn, na leo wanauzwa ghali Ulaya na Marekani kwa jina la basenji. Jina hilo linatajwa kuwa na asili moja na neno letu "mshenzi". Tunachokitupia mawe sisi, wenzetu wanakilipia. Huyo wa Kongo habweki. Wa kwetu, alhamdulillahi, anabweka, na hiyo ndiyo nusu ya kazi.

Waangalie mbwa wa wasasi wa Makunduchi na Muyuni. Wanakimbia juu ya mawe ya matumbawe yanayokata kiatu, wakifukuza nguruwe na kima wanaoharibu mihogo, na jioni wanarudi na miguu yao. Ni wepesi, wanakula kidogo, joto ni lao. Hapo hapo ndipo ilipo kasoro yao. Wamezoea kuzurura na kujitafutia. Ukimwacha usiku, atamaliza kuku wa jirani, na ukikaa karibu na Jozani atamfuata paa nunga, mnyama ambaye duniani amebaki Unguja na pwani ya Kenya tu. Mjenge ua, mfunze kuitika jina tangu miezi miwili, mlishe wewe mwenyewe.

Kwa shamba la kawaida la Unguja, mimi ningechukua wa kienyeji. Mwizi wa hapa haulizi ukoo wa mbwa. Akisikia mngurumo gizani anafikiria meno, kisha anafikiria kujitwahirisha mara saba alfajiri, anarudi kwao. Mjerumani ningemwachia mwenye ghala au hoteli, aliyeajiri mtu wa kumfunza kila siku na mwenye kivuli na maji ya kutosha.

Jambo moja halina hiari kwa yeyote kati yao: sindano ya kichaa cha mbwa, anapofikisha miezi mitatu na kila mwaka baadaye. Wenzetu wa Pemba walikuwa wameutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014. Chanjo zikasimama, na mwaka 2016 ukarudi kutoka nje ya kisiwa. Uliondoka tena mwaka 2018, baada ya mbwa wa kisiwa kizima kuchanjwa upya. Mtoto akiumwa na mbwa, hata kidogo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza, hakuna dawa.