Kuku Aliyedonolewa na Wenzake Asichinjwe Upesi

Wakulima wengi wa mashamba ya makazi ya Muhoroni na Songhor, wakiona kuku amedonolewa na wenzake hata akatoka damu, husema, "Huyu amekwisha, mtieni chunguni." Hata mimi nilitaka kufanya hivyo. Nilinunua mtetea katika soko la Kibuye, Kisumu, nikamwingiza bandani jioni ile ile. Asubuhi nilimkuta pembeni, kichwa kimechubuka na mgongo hauna manyoya. Kosa lilikuwa langu, si la kuku.

Miongoni mwa kuku kuna mkubwa na mdogo. Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alieleza jambo hili mwaka 1921: wa kwanza humdonoa wa pili, wa pili humdonoa wa tatu, mpaka yule wa mwisho anayedonolewa na wote. Mgeni akiingia, vita huanza upya. Tena wakiona damu hawaachi, huendelea mpaka afe.

Basi fanya hivi. Kwanza, mwondoe mara moja. Osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kidogo kimoja cha chumvi.

Pili, mweke ndani ya tenga kivulini, mpe maji na chakula. Kitazame kidonda kila siku, maana inzi wakitaga hapo, funza watatokea.

Tatu, weka tenga karibu na wenzake, wamwone wasiweze kumgusa. Ukimficha mbali watamsahau, na akirudi atakuwa mgeni tena.

Nne, kidonda kikipona na manyoya yakiota, mrudishe usiku, wenzake wakiwa wamelala. Alfajiri amka uwaangalie.

Lakini tafuta pia chanzo cha ugomvi. Banda likiwa dogo, au chakula cha kujenga mwili kikipungua, kuku watadonoana. Sisi wa kando ya ziwa tuna omena: zisage, changanya kidogo na mahindi yaliyopondwa. Weka vyombo viwili vya chakula, mnyonge naye apate pa kulia. Na kuku wa kutoka sokoni akae mbali kabisa majuma mawili kwanza, asije akaleta kideri.

Mtetea wangu alikaa ndani ya tenga majuma matatu. Baadaye alitaga, akaatamia, akatoa vifaranga saba, wala hakuna aliyethubutu kumsogelea. Ningemchinja siku ile, tungeshiba mara moja tu.