Matunda Damu Yataka Kinga ya Upepo

Mkulima mmoja wa Tetu alifika ofisini kwetu amebeba tawi la mti wa matunda damu, limevunjika na matunda yake yangali mabichi. Akauliza, "Ni nani aliyeniharibia mti wangu?" Hakuna mtu aliyeuharibu. Ni upepo.

Asili ya mti huu ni misitu ya milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Huko humea ukikingwa na miti mikubwa, katika udongo mwepesi uliojaa majani yaliyooza. Haukuzoea kupigana na upepo. Mizizi yake haiendi chini sana, matawi yake ni mepesi kuvunjika, na majani yake makubwa hushika upepo kama mwavuli uliofunguliwa. Basi mkulima hana budi kuupa kinga ile iliyokuwa msituni.

Kwanza, panda miti ya mukima au nepia upande utokako upepo.

Pili, chagua miche kwa akili. Mche wa mbegu hurefuka kwanza ndipo utoe matawi, nao wafaa mahali palipo na kinga. Mche wa kipande cha tawi huwa mfupi wenye matawi ya chini, nao wafaa mahali penye upepo. Lakini kata kipande hicho katika mti usio na ugonjwa, kwa maana ugonjwa wa mama humfuata mtoto.

Tatu, usilime kwa jembe karibu na shina, utakata mizizi. Ng'oa magugu kwa mkono, kisha tandaza nyasi kavu. Tena usiache maji yatuame hapo. Mizizi itaoza upesi.

Nne, usipande palipotoka viazi au nyanya. Hizo ni jamaa za mti huu, na minyoo midogo ifanyayo mafundo mizizini huzishambulia zote.

Ukiutunza hivyo, utaanza kuchuma baada ya mwaka 1 na nusu hivi. Chuma tunda pamoja na kikonyo chake, lipate kukaa. Ganda ni chungu; likate katikati, ule nyama yake kwa kijiko.

Yule mkulima alirudi nyumbani na kupanda mstari wa nepia. Na wewe usingoje mpaka tawi livunjike.