Mwanafunzi wa biashara na somo la mifumo ya taarifa: usilipite juu juu



Siku hizi vyuo vingi vinasomesha mtandaoni, na vijana wetu wanaochukua diploma ya usimamizi wa biashara wamo ndani. Katika masomo wanayopewa kuna moja linalowatia hofu: mifumo ya taarifa. Wazazi huniuliza, "Mwanangu anasomea biashara, mambo ya kompyuta ya nini?" Wanafunzi nao hufungua ukurasa wa kwanza, wakaona maneno kama hifadhidata na seva, wakaamua kulipita somo juu juu ili wapate alama ya kufaulu tu.

Mimi pia diploma yangu ni ya biashara, na nimekaa karibu na maduka na afisi za mji huu kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, katika masomo yote ya diploma ile, hili ndilo lililo karibu zaidi na mfuko wa mtu wa Pwani. Leo nataka kulieleza kwa lugha yetu wenyewe, ili mwenye kulipa ada ajue analipia nini.

Mfumo si kompyuta peke yake

Neno la kwanza la kulielewa ni "mfumo". Kozi nyingi hufundisha kwamba mfumo wa taarifa una vitu vitano: vifaa, programu, data, watu na taratibu. Ukiondoa kimoja, vinne vilivyobaki havifanyi kazi.

Chukua M-Pesa, ambayo Kenya imeitumia tangu Machi 2007. Kifaa ni simu yako na ya wakala. Programu ndiyo inayohesabu salio. Data ni jina, nambari, kiasi na saa. Watu ni wewe, wakala na wale walioko kwenye kampuni. Taratibu ni zile sheria ndogo ndogo: onyesha kitambulisho, weka nambari ya siri mwenyewe, usiondoke mpaka ujumbe uingie.

Sasa tapeli anapompigia bibi yetu simu akamlia pesa zake, mara nyingi hakuvunja kompyuta yoyote. Alivunja utaratibu. Alimbembeleza mpaka akataja nambari ya siri, au akamfanya arudishe pesa ambazo hazikuingia. Ndiyo maana somo hili ni la watu wa biashara pia. Fundi wa kompyuta atakutengenezea programu, lakini utaratibu wa duka lako utauweka wewe.

Kutoka kwa data hadi uamuzi

Data ni kama mchele kwenye gunia. Taarifa ni wali uliopikwa, ulio tayari kuliwa. Mwenye duka la mtaani huuza mamia ya vitu kwa wiki. Kila uuzaji ni data. Peke yake haumwambii kitu, ila ukikusanywa na kupangwa huanza kusema.

Tuseme duka huuza pakiti 12 za unga kwa siku. Msambazaji akiagizwa leo, mzigo hufika baada ya siku 3. Katika siku hizo 3 zitauzwa pakiti 36. Ongeza pakiti 12 za akiba, lisije gari likachelewa. Jumla ni 48. Basi unga ukishuka mpaka pakiti 48, ni wakati wa kuagiza. Ukingoja mpaka zibaki 10, wateja watakwenda duka la jirani, na wengine hawatarudi.

Hesabu hiyo ni rahisi, mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Ugumu uko kwengine: maduka mengi hayajui kwamba yanauza pakiti 12 kwa siku, kwa sababu hakuna anayeandika. Kozi hupanga mifumo kwa ngazi, na ngazi hizo ndizo hizi. Ya chini ni ile inayonasa kila muamala unapotokea. Ya kati hukusanya miamala hiyo kuwa ripoti ya wiki au mwezi kwa msimamizi. Ya juu humsaidia mwenye mali kuamua: nifungue tawi Likoni au niongeze bidhaa hapa hapa? Ngazi ya chini ikiwa mbovu, zote za juu zinajengwa juu ya mchanga.

Mohamed wangapi?

Sehemu inayowatisha wanafunzi zaidi ni hifadhidata. Njia inayofundishwa zaidi ilielezwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Muingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM. Alipendekeza data ipangwe kwa majedwali yanayohusiana, na kila kitu kiandikwe mahali pamoja tu.

Mtu wa Mombasa ana sababu ya kuielewa fikra hiyo upesi kuliko wengine. Fungua daftari la madeni la duka lolote la mtaani. Utakuta Mohamed, Muhammad, Mohammed na Mudi. Je, ni watu wanne au ni mmoja? Utakuta Mwanaisha, Bi Isha na Mama Ali, na kumbe wote ni yule yule. Akija kulipa, limepunguzwa deni la nani?

Dawa yake ni kumpa kila mteja nambari yake isiyofanana na ya mwengine. Jedwali moja huweka wateja: nambari, jina, simu. Jedwali la pili huweka bidhaa: nambari, jina, bei. La tatu huweka mauzo: tarehe, nambari ya mteja, nambari ya bidhaa, idadi, bei iliyouzwa siku ile. Mteja akibadilisha simu, unarekebisha mahali pamoja, na mauzo yake yote ya nyuma yanabaki naye. Anayeelewa majedwali haya matatu ameelewa kiini cha hifadhidata, na anaweza kuanza kwa lahajedwali ya kawaida kwenye kompyuta.

Ramadhani haimo kwenye programu

Kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo havitamwambia mwanafunzi wetu. Programu nyingi za biashara hulinganisha mauzo ya mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Kwetu ulinganisho huo unaweza kupotosha.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko wa kawaida, kwa hivyo Ramadhani husogea nyuma kila mwaka. Mwaka 2024 mfungo ulianza mwezi wa Machi. Mwaka 2026 umeangukia kuanzia Februari. Mwenye kuuza tende, sukari, tambi na nguo za Idi akilinganisha Aprili na Aprili, kompyuta itamwambia biashara imeanguka, na huenda haijaanguka hata kidogo. Idi imehama mwezi, ndio basi. Suluhisho ni kuongeza safu moja kwenye jedwali la mauzo yenye tarehe ya Kiislamu, kisha ukalinganisha Ramadhani na Ramadhani. Hilo atalijua aliyelelewa hapa na akausoma mfumo vizuri. Hapo ndipo kijana wetu anakuwa na thamani ambayo mgeni hana.

Bandari imeshahamia kwenye skrini

Tumelalamika sana kuhusu ajira za bandarini, na tuna haki. Lakini tutazame kazi yenyewe imebadilika vipi. Mamlaka ya Bandari ilianza kutumia mfumo wa KWATOS mwaka 2008 kufuatilia makontena. Mwaka 2011 iliundwa KenTrade, kusimamia mfumo wa dirisha moja, ambapo mwenye mzigo au wakala wake huwasilisha nyaraka mahali pamoja, na idara kama zile za viwango na afya ya mimea zikatoa vibali vyao humo humo. Forodha nayo ina mfumo wake.

Zamani karani wa kliarensi alisifiwa kwa miguu: kukimbia na faili kutoka afisi hii hadi ile. Leo anasifiwa kwa kujaza data sawasawa. Akikosea msimbo wa bidhaa au uzito, mzigo unasimama, na siku za bure zikiisha, gharama za kuhifadhi kontena zinaanza kuhesabiwa. Kosa la vidole viwili kwenye kibodi hulipiwa na mwenye mali. Kijana anayejua data inatoka wapi, inakwenda wapi na nani anaisoma upande wa pili, huyo haajiriwi kwa kuonewa huruma.

Na wenye maduka pia hawakusazwa. Tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguzwa katika hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria. Kwa hivyo swali la kama tunataka mifumo au hatutaki limeshapitwa. Lililobaki ni nani atauelewa mfumo: wewe, au mtu unayemlipa akushikie mambo yako yote?

Deni, zaka na mirathi

Baadhi ya wazee huona kuandika kila kitu ni kukosa kuaminiana. Nawakumbusha kwa heshima kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika madeni. Kuandika kunalinda imani iliyopo baina ya watu.

Tazama yanayotokea mwenye duka anapofariki. Sheria yetu iko wazi kwamba deni la maiti hulipwa kabla ya warithi kugawana. Lakini kama madeni yalikuwa kichwani mwake, nani anayajua? Anakuja mtu kudai, hakuna ushahidi wa kumpinga wala wa kumthibitisha. Waliokopa nao hunyamaza. Mayatima wanapoteza haki yao, na marehemu anabaki na dhima. Biashara nyingi za kwetu huzikwa pamoja na mwenyewe kwa sababu hii, hata kama watoto walikuwa na nia ya kuendelea.

Zaka ni hivyo hivyo. Mali ya biashara iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka hutolewa asilimia 2.5. Asiyejua ana bidhaa za thamani gani siku ile, huyo anakisia ibada. Mwenye mfumo mzuri huitoa hesabu hiyo kwa muda mfupi, kisha masuala ya fiqhi humuuliza sheikh wake.

Lakini daftari la madeni ni siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azilinde na azitumie kwa kazi aliyozikusanyia. Kumpiga picha mteja asiyelipa na kumsambaza kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na deni lake ni kuvunja amana, na kunaweza kukuingiza matatani kisheria. Kozi nzuri itakufundisha pia kwamba anayepokea pesa asiwe ndiye anayeruhusiwa kufuta maandishi, kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, na nakala ya akiba iwekwe mbali na duka, sio kwenye kompyuta ile ile itakayoibwa.

Kabla hujalipa ada

Kusoma mtandaoni ni rehema kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa anayefanya kazi mchana, na kwa kijana wa Lamu au Vanga asiye na pesa za kupanga chumba mjini. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika nchini kavu hapa Mombasa mwaka 2009, kwenye ufuo wetu. Ni aibu kama faida yake itapita juu ya vichwa vyetu kwenda bara.

Ila tuwe macho. Kwanza, hakikisha chuo kimesajiliwa: vyuo vya ufundi na diploma na TVETA, vyuo vikuu na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Tangazo zuri la Facebook si usajili. Pili, uliza kama kuna kazi za mikono. Kozi ya mifumo isiyokutaka utengeneze hata jedwali moja ni sawa na kujifunza kuogelea ukiwa umekaa barazani. Tatu, uliza kama kuna mwalimu anayejibu maswali, au ni video tu. Nne, hesabu gharama kamili: ada, bando na kompyuta. Kwa simu utasikiliza somo, lakini lahajedwali na hifadhidata zinataka kompyuta, hata iliyotumika au ya maktaba.

Na ushauri wangu wa mwisho kwa mwanafunzi: chuo kikikutaka uandike mradi, usiende kunakili habari za duka kubwa la Marekani ambalo hukuwahi kuliona. Nenda kwa ami yako mwenye duka, au kwa mama anayeuza maandazi na mahamri, mwombe ruhusa, umpangie wateja, bidhaa na mauzo yake kwa mwezi mmoja. Wewe utapata alama, na yeye kwa mara ya kwanza atajua faida yake iko kwenye nini.

Wabillahi tawfiq.