Mchumba, Masomo na Mpira: Nani Asubiri?

Mwezi huu fungate na mapambo ya sebuleni nimeyaweka pembeni. Kuna jambo limetokea nyumbani kwetu, nikaona nisilifungie kabatini, maana najua wengi wenu mna mdogo, mpwa au mpenzi ambaye linaweza kumkuta.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 20 na anacheza basketi. Siyo basketi ya kupitisha jioni. Ni ile ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe. Mwezi uliopita kocha wa chuo kimoja cha Marekani alimwandikia: njoo usome na ucheze, ada, chumba na chakula juu yetu, miaka minne. Nyumba nzima tukapiga vigelegele. Mtu mmoja tu hakupiga, naye ni mchumba wake.

Jumapili akaja kwangu. Akakaa kwenye kochi, soda haigusi. "Shemeji," akaniambia, "miaka minne ni mingi. Kwa nini asisome hapa hapa, mpira aendelee nao, na mimi nipo?"

Nilitaka kumjibu haraka haraka, nikashindwa. Hicho anachokisema mimi nimekifanya, na kilinishinda.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea mawasiliano ya umma, nilipoitwa kambi ya timu ya taifa ya netiboli. Nilikuwa nacheza senta. Kambi ilikuwa ya wiki tatu, na katikati yake kulikuwa na mitihani miwili. Nikapeleka barua ya chama kwa mkuu wa idara. Akaisoma yote, akanirudishia kwa upole kabisa. Kanuni, alisema, zinataja ugonjwa na msiba. Michezo haimo. (Chuo sikitaji, wapo walionifundisha ambao wanasoma gazeti hili.)

Kwa ambao hamkupita huko, naomba nieleze kidogo. Ukikosa mtihani kwa ruhusa, unapangiwa mtihani maalumu na alama zako zinahesabiwa kama za wenzako. Bila ruhusa ni kesi nyingine kabisa. Na ukiufanya ukafeli, unaangukia kwenye sapu, ambako katika vyuo vyetu vingi hata ujibu kama profesa, unaandikiwa C basi. Kwa hiyo karatasi moja iliyosainiwa mapema inaweza kubeba shahada nzima.

Basi bwana, nilikwenda kambini siku nne. Usiku wa nne nikapanda basi kurudi, nikaingia kwenye mtihani macho mekundu, nikatoka na sapu mbili. Kambini nafasi yangu alishapewa mwingine. Kijana aliyekuwa akinitolea fotokopi za nondo alichoka, na simlaumu: kila tukikutana ama nasinzia, ama nalia. Tuliachana mara mbili mwaka ule. Leo ndiye baba wa watoto wangu, lakini hiyo ni makala nyingine.

Nikiangalia nyuma, sioni kwamba nilikosa kipaji, wala pesa. Nilikosa mtu mmoja ofisini mwenye mamlaka ya kusogeza tarehe. Na ndicho nilichoanza kumweleza shemeji.

Wenzetu Marekani jambo hili wameliandikia kanuni. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinasema mwanamichezo asifanye mazoezi na kocha zaidi ya saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umeanza, wala zaidi ya saa 4 kwa siku, na apate siku moja ya kupumzika. Darasani lazima awe mwanafunzi kamili. Vyuo vikubwa vina walimu wa ziada kwa ajili ya wanamichezo, mshauri wa masomo anayejua ratiba ya mechi, na barua za safari zinazofika kwa mhadhiri kabla timu haijapanda ndege. Hebu fikiria, mhadhiri anapewa taarifa kabla!

Watanzania wamepita njia hiyo. Suleiman Nyambui alisoma Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, na akiwa mwanafunzi alichukua ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katikati yake, mwaka 1980, akaenda Olimpiki ya Moscow na kurudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Hasheem Thabeet alitoka Makongo, akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006, na mwaka 2009 akachaguliwa namba mbili kuingia NBA. Yeye aliondoka baada ya miaka mitatu, kabla ya minne kutimia. Kila mmoja na hesabu zake.

Majirani zetu Wakenya ndiyo usiseme. Mimi anayenigusa zaidi ni Mike Boit. Alipata shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich mwaka 1972, akasoma vyuo vya Marekani hadi udaktari wa falsafa, kisha akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Olimpiki ya 1976 aliikosa kwa sababu nchi za Afrika zilisusia. Mbio zake zilizuiwa na siasa, vitabu vikabaki. Na kwa wapenda mapenzi: Wesley Korir, aliyeshinda Boston Marathon mwaka 2012 na kuwa mbunge mwaka 2013, alikutana na mkewe, Mkanada, chuoni Louisville. Wote walikuwa wakimbiaji. Hili la mwisho shemeji sikumwambia, nina akili zangu!

Na siyo Marekani tu. Uingereza wana mpango unaoitwa TASS, ulioanza mwaka 2004, unaosaidia wanamichezo wenye vipaji walioko masomoni. Umoja wa Ulaya nao ulitoa mwongozo mwaka 2012 wa namna mwanamichezo anavyoweza kubeba masomo na mchezo kwa pamoja. Sitaki kukuchosha na nyaraka za Brussels. Nasema tu kwamba kusogeza mtihani kwa sababu ya mashindano si upendeleo wa ajabu, kuna nchi zimekaa mezani na kuupanga.

Sasa tusidanganyane kuwa kule ni peponi. Zile saa 20 hazihesabu safari, na siku ya mechi huhesabiwa saa 3 tu hata kama mmeshinda uwanjani kutwa. Ufadhili wenyewe, tangu 2012 vyuo vinaruhusiwa kuutoa kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa mkataba, lakini kuruhusiwa siyo kulazimishwa. Kuna karatasi nyingine ukiisoma vizuri imeandikwa mwaka mmoja, na mwakani tutaona. Tangu 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, ila aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi hapo anabanwa, kwa hiyo anayedhani binti atakuwa anatuma dola kila mwezi ajipange upya. Shangazi yetu, samahani, lakini nakusema wewe.

Halafu kuna hili, ambalo nililigundua usiku nikisoma kanuni, mume wangu amelala. Katika daraja la juu la mashindano ya vyuo, mchezaji anatakiwa awe amemaliza asilimia 40 ya shahada mwishoni mwa mwaka wa pili, 60 mwaka wa tatu, 80 mwaka wa nne. Hebu isome tena hiyo ya mwisho. Mtu anaweza kutimiza masharti yote, akacheza miaka minne, na bado akadaiwa sehemu ya tano ya masomo.

Yaani minne ya shemeji inaweza kuwa mitano. Nilifikiria kumficha. Kisha nikakumbuka yule kijana wa fotokopi, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia ukweli wa ratiba yangu, hata mimi.

Jumapili iliyofuata niliwaita wote wawili. Tukakaa mezani, tukaandika maswali ya kumtumia kocha. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au minne kwa maandishi? Akiumia goti, nani anatibu, na ada inaendelea? Mshauri wa masomo ni nani, tuzungumze naye yeye, siyo kocha? Fani anayoitaka, uuguzi, mazoezi ya hospitalini yanagongana na ya uwanjani? Hilo la uuguzi aliliuliza mdogo wangu mwenyewe, na nikaona aibu kuwa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

La mwisho aliliandika shemeji kwa mkono wake: likizo ya Desemba anarudi nyumbani?

Majibu yalikuja baada ya siku tatu. Ufadhili ni wa miaka minne, kwa maandishi. Goti linatibiwa na chuo, na ada haikatwi. Jina la mshauri wa masomo tulipewa. Uuguzi unawezekana, ila wachache wanaomudu, na wengi huhitaji muhula wa ziada. Na Desemba hapana. Msimu wa basketi unaanza Novemba hadi Machi, Krismasi wanapata siku chache tu, haziwezi kutosha Dar es Salaam.

Shemeji aliisoma barua pepe mara mbili kwenye simu ya mdogo wangu. Akainywa soda yake, safari hii yote. Kisha akaniuliza kama najua siku hizi pasipoti inachukua muda gani, na tiketi ya Machi huwa bei gani.