Hedifoni za Zamani: Kipi Kibadilishwe, Kipi Kisiguswe

Askari yeyote aliyepata kukaa zamu ya usiku mbele ya simu ya upepo anazijua hedifoni, yaani vile visikilizio viwili vilivyounganishwa kwa upinde na kuvaliwa kichwani. Anajua vilevile kwamba vimito vyake vikishachakaa, "sita" na "saba" huanza kufanana, naye hulazimika kuomba ujumbe urudiwe mara ya pili na ya tatu, huku mkono wake ukizidi kupandisha sauti. Hedifoni ghali, zile zilizoundwa kwa ajili ya studio na wapenzi wa muziki, huugua ugonjwa huo huo. Tofauti ni kwamba kuzitupa ni hasara kubwa, na kuzitengeneza ovyo ni hasara kubwa zaidi.

Undugu baina ya hedifoni za muziki na zile za kazi si wa kubuni. Mnamo mwaka 1910, Nathaniel Baldwin, mtu wa jimbo la Utah nchini Marekani, aliwapelekea wanamaji wa nchi yake jozi aliyoiunda kwa mikono yake. Wakaijaribu, wakaipenda, wakaagiza nyingine, naye akawa anaziunda jikoni kwake. Mwaka 1937 kampuni ya Beyerdynamic ya Ujerumani ikatoa hedifoni iliyoitwa DT 48, ambayo iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1958 John Koss wa mji wa Milwaukee akazileta sokoni hedifoni za stirio, na tangu hapo chombo cha mpokea ujumbe kikawa pia chombo cha msikiliza muziki.

Kabla sijaendelea, neno moja la kikazi. Haya nitakayoyaeleza yahusu mali ya mtu binafsi. Hedifoni iliyoandikwa katika daftari la ghala haifunguliwi na mwenye zamu. Hupelekwa kwa fundi wa mawasiliano, hata kama mwenye zamu anajiona fundi kumshinda fundi.

Ndani ya hedifoni za kawaida za studio mna spika ndogo mbili, moja kwa kila sikio. Kila spika ina sumaku, kiwambo chepesi cha plastiki, na koili ya waya mwembamba mno iliyogundishwa kwenye kiwambo hicho. Umeme wa sauti hupita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma, kiwambo hutikisika, na hewa hutikisika pamoja nacho. Vilivyobaki ni makazi tu ya spika: kikombe, vimito, sponji, waya na upinde. Lakini kuviita makazi tu ndiko kulikowaponza wengi, kama tutakavyoona.

Mfano ulio mzuri kuliko yote wa chombo kilichoundwa kifunguliwe ni HD 600 ya kampuni ya Sennheiser, iliyotoka mwaka 1997 ikifuata nyayo za dada yake HD 580. Askari aliyezoea kufungua na kufunga silaha yake akiwa amefumba macho ataipenda mara moja. Vimito huvutwa kwa vidole vikatoka. Chini yake mna sponji nyembamba inayokinga spika, nayo hutoka. Wavu wa chuma wa nyuma hutoka. Waya huchomolewa, kisha spika yenyewe hutoka katika makao yake bila kulehemu chochote, kwa sababu matundu ya plagi yamo katika spika. Plagi hiyo ina vijiti viwili, kimoja kinene na kingine chembamba, ili mtu asiweze kuichomeka kinyume hata akitaka. Aliyebuni jambo hilo dogo alikuwa akimfikiria mtumiaji wa miaka 20 ijayo, na kwa maoni yangu hiyo ni sifa kuu kuliko maneno yote ya matangazo.

Kwa kuwa miili ya hizo mbili ilifanana, wenye HD 580, iliyokuwa na wavu wa plastiki, walinunua wavu wa chuma wa HD 600 na kuubandika. Ilipotoka HD 650 mwaka 2003, waya wake nao uliingia katika zile za zamani. Hivyo basi hedifoni moja iliweza kuishi miaka 30, ikibadilishwa kiungo hiki leo na kile kesho, huku spika zake zikibaki zile zile.

Sasa tuje kwenye vimito, maana hapo ndipo penye siri kubwa na ndipo penye makosa mengi. Mtu huviona kama foronya ya mto wa kulalia: ikichakaa, nunua yoyote inayoenea. Sivyo. Unene wa kimito ndio unaopanga umbali baina ya spika na sikio. Sponji ya ndani ikilala kwa uzee, spika husogea karibu na sikio, na uwiano wa sauti nene na nyembamba hubadilika. Kimito cha mahameli hupitisha hewa. Cha ngozi huizuia. Ukiondoa mahameli ya DT 880 ya Beyerdynamic ukaweka ngozi ya bandia, umeunda hedifoni nyingine kabisa, ingawa jina lililoandikwa juu yake ni lile lile. Pengine utaipenda hiyo mpya. Lakini usiseme umeitengeneza, sema umeigeuza.

Katika hedifoni zilizofungwa nyuma jambo hili ni zito zaidi. Humo sauti nene hutegemea kimito kuziba pande zote za sikio. Mpasuko mdogo, au hata mkono wa miwani uliokinyanyua kimito, huivujisha sauti nene ikapotea. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni masikio yenyewe: kelele za nje huingia, sauti nene hukimbia, na msikilizaji hupandisha sauti ili afidie. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha dekibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki kuwa mpaka wa usalama kwa mtu mzima, na kila dekibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Maana yake, mtu aliyepandisha sauti kwa dekibeli 9 tu kwa ajili ya vimito vibovu amebakiwa na saa 5 badala ya 40. Sisi ambao masikio yetu yamekwisha kulipa kodi yake katika uwanja wa shabaha hatuna akiba ya kuchezea.

Ngozi ya bandia ina adui mwingine, nalo ni joto lenye unyevu. Plastiki iliyomo huvunjwavunjwa na maji ya hewani pamoja na jasho, ikaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni na kwenye kola ya sare. Huoza hata kabatini, bila kuvaliwa. Sponji nayo hugeuka unga unaonata. Anayenunua hedifoni ya miaka mingi na kuambiwa kwamba haijatumika kamwe, aifungue kwanza aitazame sponji, kwa kuwa unga huo ukianguka juu ya kiwambo huleta mkwaruzo. Unywele mmoja uliopenya na kugusa kiwambo hutosha kuleta mlio kama wa nzi katika chupa, na watu wamekwisha zitupa hedifoni nzima kwa ajili ya unywele.

Baada ya vimito huja waya. Hapa nitasema wazi niaminivyo, ijapokuwa baadhi ya marafiki watakasirika. Waya uliokatika ubadilishwe, na waya mrefu mno ufupishwe. Lakini anayelipa fedha nyingi kwa waya wa fedha au wa shaba iliyosifiwa, akitaraji sauti mpya, ananunua pambo. Mita 3 za waya mzima wa shaba zina ukinzani mdogo sana ukilinganishwa na omu 300 za spika ya HD 600. Kinachobadilika kwa hakika ni uzito, ulaini na uimara. Mara nyingi kilichomfanya mtu asikie vizuri zaidi ni kule kuichomoa na kuichomeka upya plagi iliyokuwa na kutu. Angelifanya hivyo kwa kitambaa na tone la spiriti, fedha zake zingebaki mfukoni.

Hedifoni nyingi za zamani, zikiwemo DT 880 na DT 990 za miaka ya 1980, zilitoka kiwandani waya wake umelehemiwa kwa ndani. Wenye nazo hupenda kutoboa kikombe na kuweka tundu la plagi, ili waya uweze kuchomolewa. Ni kazi nzuri ikifanywa kwa utulivu, lakini ina mitego mitatu. Nyaya hizo nyembamba mara nyingi zimepakwa vanishi isiyopitisha umeme, na risasi ya kulehemu haishiki mpaka vanishi iungue. Pili, joto likikawia kwenye kituo cha spika, plastiki huyeyuka na unyuzi wa koili hukatika. Koili hiyo hairudishwi na fundi wa mtaani. Mtego wa tatu ni wa kimyakimya: ukigeuza nyaya za upande mmoja, hedifoni italia, wala hutaona kosa kwa macho. Lakini kiwambo kimoja kitasukuma wakati mwenzake anavuta, na sauti itatapanyika isijulikane itokako. Jaribio lake ni rahisi. Sikiliza msemaji mmoja aliyerekodiwa kwa njia moja, si ya stirio: sauti yake yapasa kusimama katikati ya kichwa, kama mtu aliyesimama mbele yako.

Mimi nilijifunza somo la bisibisi kwa gharama. Nilikuwa na jozi iliyotumika, nzuri, na nilitaka tu kuondoa vumbi. Sikukumbuka kwamba sumaku ya spika huvuta chuma. Nilipokaribisha bisibisi, ilivutwa kutoka vidoleni mwangu ikachoma kiwambo, na tundu lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Upande wa kushoto ukawa mzima, wa kulia ukawa kibogoyo. Tangu siku hiyo hufunika spika kwa karata nene kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Spika moja ikifa, msomaji asidhani kwamba itatosha kutafuta inayofanana kwa umbo. DT 880 imeuzwa kwa omu 32, 250 na 600, na kwa nje zote ni pacha. Ukiweka ya 600 kando ya ile ya 250, sikio moja litasikia kwa nguvu kuliko jingine. Ni heri kubadili zote mbili kwa pamoja, zilizotoka katika mwili mmoja.

Wako wanaokwenda mbali zaidi, wakabadili hata vitambaa na sponji zilizowekwa nyuma ya spika kutuliza mwangwi. Hedifoni za Fostex T50RP, ambazo kiwambo chake ni bapa na nyaya zake zimechapwa juu ya kiwambo chenyewe, zimekuwa shamba la majaribio la watu hao. Hutia pamba ndani ya kikombe na udongo wa kufinyangia katika kuta zake, ili plastiki isiitikie. Siwacheki, kwani wengine wamepata sauti iliyotulia kuliko ile ya kiwandani. Ila yafaa mtu abadili upande mmoja kwanza, asikilize pande zote mbili kwa zamu, ndipo aguse wa pili. Kumbukumbu ya sikio ni fupi. Baada ya saa moja ya kulehemu, kila kazi ya mkono wako husikika nzuri. Na vilivyotolewa vitiwe katika bahasha yenye jina na tarehe.

Bahasha hiyo ina maana zaidi kila mwaka upitao. Mnamo 2017 kampuni ya AKG, iliyokuwa fahari ya Vienna tangu mwaka 1947, ilifungiwa ofisi zake mjini humo na wamiliki wake wapya, na wanaozitunza hedifoni zake za zamani hutegemea vipuri vya wengine au vya jozi zilizokufa. Miongoni mwa hizo imo K240 ya miaka ya 1970, ile iliyopewa jina la Sextett. Ukiondoa kimito chake utaona spika katikati, na kandokando yake viwambo vidogo sita visivyo na waya wala koili. Fundi mgeni aweza kudhani kwamba vimekatika, akatafuta mahali pa kuvilehemu au akavibandua. Havijakatika. Hutikiswa na hewa iliyomo kikombeni, na kwa kutikisika huko huongeza sauti nene. Mwenye nayo abadili vimito, asafishe plagi, akaze zile kamba za mpira zinazoshikilia upinde, kisha avirudishe vifuniko na kuviacha hivyo sita mahali pake.