Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika na ishara za seli

Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika ni virusi vya DNA ambavyo huzaliana ndani ya seli za nguruwe kwa kuvuruga ishara ambazo seli hizo hutumia kujikinga. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921 na R. Eustace Montgomery nchini Kenya. Aina kali huua karibu nguruwe wote walioambukizwa. Hauambukizi binadamu.

Ishara za kinga

Virusi hivyo hushambulia hasa makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu. DNA ikionekana mahali isipostahili katika saitoplazimu, nje ya kiini cha seli, protini iitwayo cGAS huitambua na kusababisha protini nyingine, STING, kuamka. Ndipo seli hutoa interferoni, inayotahadharisha seli jirani.

Jinsi virusi vinavyozima ishara

Virusi hivyo hujinakili hasa katika saitoplazimu, palepale penye ulinzi, hivyo vina protini za kuuzima. Baadhi ya jeni za makundi ya MGF360 na MGF505 huzuia interferoni. Protini A238L hufanana na kizuizi cha asili cha seli, nayo hufunga njia ya NF-κB inayowasha jeni za kinga. A179L huzuia seli isijiue kabla virusi havijamaliza kuzaliana.

Umuhimu kwa wafugaji

Chanjo za virusi vilivyouawa hazikufaulu kukinga nguruwe. Kwa hiyo watafiti hudhoofisha virusi hai kwa kuondoa baadhi ya jeni zake. Mwaka 2022 Vietnam iliruhusu chanjo ya namna hiyo, iliyoondolewa jeni I177L. Uangalifu unahitajika, kwa sababu virusi hai vinaweza kurudia ukali wake.

Nchini Tanzania, mlipuko wa mwaka 2010 wilayani Kyela ulisababishwa na virusi vya jenotaipu II. Ugonjwa hauna dawa. Kwa mfugaji wa Mfaranyaki mjini Songea, kama kwingineko, kinga ni kuzuia virusi visifike bandani: kutolisha makombo yenye nyama ya nguruwe yasiyochemshwa vizuri, kutenga nguruwe wageni, kudhibiti kupe laini, kusafisha viatu na vyombo, na kumwarifu afisa mifugo mara vifo vinapotokea, bila kuuza nyama wala kuhamisha waliobaki.